Pima Kivuli Kwanza: Mwongozo wa Kupiga Picha Nyeusi-Nyeupe kwa Mkanda, Mikindani hadi Mdomo wa Ruvuma

Anayekuja Mtwara na kamera ya zamani hukimbilia jua. Ufukwe wa Msimbati ni mweupe pe, tanga la mashua limejaa upepo, na saa sita mchana kila kitu kinawaka. Mkanda ukishasafishwa, nyuso za watu zimekuwa weusi mtupu usio na macho, na mchanga hauna hata unyayo mmoja. Niliharibu mikanda minne mizima namna hiyo kabla sijaelewa kwamba kwenye pwani hii kinachopimwa ni kivuli.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili: kivuli cha mwembe tunachojikingia jua, na kivuli cha mtu kinachomfuata mchangani. Mpiga picha nyeusi-nyeupe anavihitaji vyote viwili. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvipata, tangu kuchagua kamera mpaka siku ya kumpelekea mtu picha yake.

Kamera: kagua kabla ya kutoa pesa

Kamera ya gharama si sharti. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuwa mmoja wa wapiga picha wa habari mashuhuri kuliko wote waliotoka Afrika Mashariki, alianza utotoni kwa Box Brownie, kisanduku chenye lenzi moja na kitufe. Kwa anayeanza leo, tafuta kamera ambayo shata yake haitegemei betri: Pentax K1000, Zenit E, Nikon FM2, au Yashica Mat ya lenzi mbili zilizopandana. Zenit E na Olympus Trip 35 zina mita ya mwanga ya seleniamu, isiyohitaji betri. Lakini seleniamu huchoka kwa miaka, basi usiiamini kabla hujailinganisha na mita nyingine. Kamera nyingi za miaka ya 60 na 70 zilitumia betri za zebaki ambazo hazitengenezwi tena. Mita ikiwa imekufa na shata ni nzima, nunua tu, maana utajifunza kupima kwa macho.

Ukiishika mkononi, fanya mambo matatu. Kwanza, fungua mgongo wa kamera, fungua tundu la lenzi lote, weka shata kwenye B na uishikilie ikiwa wazi, kisha mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Unyevu wa pwani huikuza, na ikishakula kioo haiondoki. Pili, piga shata kwenye kasi yake ya chini kabisa na usikilize: ikikwama au ikiburuta, mafuta yake yamekauka. Tatu, gusa sponji nyeusi za kwenye mlango wa nyuma. Zikinata kama lami, mwanga utapenya. Sponji ni rahisi kubadilisha, kwa hiyo zisikukatishe tamaa, ila zikusaidie kupunguza bei.

Ukishainunua, iondoe kwenye mkoba wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuhifadhi kuvu. Weka kamera kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikichoka, vianike juani mpaka vikauke vizuri, uvirudishe. Ukitoka baharini, peperusha kwanza chumvi na mchanga, kisha futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi. Lenzi usiisugue kikavu kamwe, chembe moja ya mchanga wa Msimbati inatosha kuikwaruza.

Na kama kamera yako ni ya pazia la nguo lisilokingwa na kioo cha ndani, kama Zorki, FED na Leica za zamani, usiiache ikitazama jua bila kifuniko. Lenzi hulikusanya jua na kulitoboa pazia.

Mkanda na joto

Chagua mkanda mmoja ukae nao mwaka mzima. Ilford HP5 Plus na Kodak Tri-X, zote za ISO 400, husamehe makosa mengi, na ndizo ningempa anayeanza. Ilford FP4 Plus ya ISO 125 ni laini zaidi na inafaa kwa ufukweni na kwa majengo. Mkanda wa milimita 35 hutoa picha 36. Mkanda wa 120 kwenye kamera ya mraba hutoa 12 tu. Njoo Mtwara na mikanda yako yote, usitegemee kuinunua ukishafika.

Joto ni adui wa mkanda. Usiuache kwenye gari wala kwenye mfuko wa mbele wa begi. Ufunge kwenye plastiki isiyopitisha hewa, uuzungushie khanga yenye unyevunyevu, uweke katikati ya nguo. Ukiuhifadhi kwenye friji, utoe saa mbili au tatu kabla ya kuufungua, usije ukatoka jasho ndani. Upakie kivulini siku zote, na kama hakuna mti wala ukuta, geuka uupakie kwenye kivuli cha mwili wako mwenyewe. Ukishamaliza kuupiga, usiuweke. Picha iliyopigwa na haijasafishwa hufifia haraka kwenye joto na unyevu, basi isafishe ndani ya wiki chache.

Kupima mwanga

Kanuni ya zamani inasema hivi: jua likiwa kali, weka tundu kwenye f/16 na kasi ya shata iwe sekunde moja gawanya kwa namba ya ISO. Kanuni ni sahihi, ila jua letu lina vivuli vizito mno. Kwa hiyo chukua mkanda wa 400, upige kana kwamba ni wa 200, halafu wakati wa kuusafisha upunguze muda kwa kiasi cha moja ya tano. Kivuli kitapata mwanga wa kutosha, na sehemu nyeupe hazitaungua. Anzia hapa, ukitumia kasi ya 1/250:

- Jua kali mbele ya mtu: f/16.
- Mawingu mepesi, kivuli cha mtu kinaonekana kwa mbali: f/8 hadi f/11.
- Kivuli kilicho wazi, chini ya mwembe au ubavuni mwa nyumba: f/4 hadi f/5.6.
- Barazani chini ya paa: f/4, na shata ishuke hadi 1/125.
- Ndani ya mikoko: f/4, shata 1/60 au 1/30, na uegemee kitu.

Ukitumia mita, kumbuka jambo moja: mita haijui inatazama nini. Kila kitu inakitaka kiwe kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye kanzu nyeupe au mchanga, itakuambia ubane tundu, na uso wa mwenye kanzu utazama gizani. Hapo fungua tundu hatua moja na nusu au mbili; kila hatua huongeza mwanga maradufu. Ukiielekeza kwenye uso mweusi uliokolea, itaufanya kijivu, mtu atoke amepauka kama aliyepakwa majivu. Hapo bana hatua moja.

Somo hili hujifunzwa vizuri kwenye kinyago. Kaa na fundi wa Kimakonde, omba kinyago cha mpingo kilichokwisha kung'arishwa, ukiweke karibu na mlango mwanga ukija kutoka ubavuni. Ukikipima moja kwa moja, mpingo utatoka rangi ya simenti. Bana hatua mbili, upige tena. Sasa mti ni mweusi, na umbo lake linasomeka kwa mistari ya mng'ao kwenye bega, kwenye shavu, kwenye pembe ya jicho. Weusi unaonekana kwa mwanga unaoteleza juu yake. Uso wa mtu ni hivyohivyo. Mtoe juani, msogeze hatua mbili ndani ya mlango, umgeuze atazame nje, na ngozi yake itabeba mwanga.

Kichujio cha njano kiwe kwenye lenzi karibu wakati wote, kwani hulitia anga kijivu kidogo na mawingu yakaonekana. Kinakula hatua moja ya mwanga. Cha rangi ya chungwa hula kama mbili, chekundu tatu. Cha kijani kiwekee mikoko, maana majani huwa meupe kidogo na mizizi ikajitenga nayo.

Mahali na majira

Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari, jua la mchana hupita utosini kabisa. Siku hizo, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, kila jicho linakuwa shimo. Msimu mzuri ni wa kusi, Juni hadi Agosti: hewa ni kavu zaidi, jua limeinama kaskazini, na maji ya kusafishia mkanda hayajapata moto.

Anzia Mikindani, kilomita kama 10 kutoka mjini. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, na Boma jeupe la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 vinataka jua la ubavuni. Njoo saa 1 asubuhi au saa 11 jioni, wakati kila tundu la ukuta lina kivuli chake. Mchana fanya kazi kwenye vichochoro na mabaraza, kwa maana ukuta mweupe wa upande wa pili unarudisha mwanga laini usoni kwa mtu.

Ukiwa Msimbati au Ruvula uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Lipa kiingilio na ufuate masharti. Hapa unapaswa kujua maji kama unavyojua mwanga. Bahari hutoka mbali sana wakati wa bamvua, na ndipo akina mama huingia kutafuta pweza na chaza. Lakini kwenye pwani yetu bamvua hukausha kama saa 4 asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Njoo siku tatu au nne kabla ya mwezi kuandama au kabla ya mwezi mpevu. Maji hayatoki mbali sana, lakini hupwa mapema, jua likiwa chini na kila kidimbwi kikiwa kioo. Waulize wavuvi jioni ya kuamkia siku hiyo. Wao wanaijua saa kuliko jedwali lolote.

Kwenye mdomo wa Ruvuma, wakati wa mvua mto huja na udongo mwingi. Machoni rangi yake ya kahawia inavutia, kwenye mkanda inageuka kijivu kilekile cha anga. Usipige maji matupu. Ngoja mtumbwi ukate katikati, au sogea mpaka mizizi ya mkoko ishike upande mmoja wa picha. Hakikisha nahodha wako anajua kupwa na kujaa kwa njia za maji za pale, na kamera ikae ndani ya ndoo yenye mfuniko mpaka uwe tayari.

Kuomba

Usipige bandari, uwanja wa ndege, kambi za jeshi, mitambo ya gesi ya Msimbati na Madimba, wala vituo vya mpakani. Usipige jando wala unyago hata kama umekaribishwa kwenye ngoma ya nje. Kilichofunikwa na wenyewe kibaki kimefunikwa.

Kwa watu wengine wote, kamera ibaki begani mpaka umesalimia. Mkanda wa picha 12 unakufundisha adabu hii kwa nguvu, kwa sababu huwezi kupiga ovyo. Nilimkuta bibi mmoja Mikindani amekaa mlangoni anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nikupige picha hapohapo ulipo."

Akaniangalia, akaitazama kamera, akaweka ungo pembeni. "Utaniletea?"

Nikasema nitaleta. Akaingia ndani, akabadilisha khanga, akarudi kukaa. Nilipiga mara mbili tu: f/4, 1/125. Swali lake ndilo utakaloulizwa kila mahali kwenye pwani hii, na usiinue kamera kama huna jibu lake.

Kusafisha nyumbani

Unahitaji tangi la kusafishia lenye spuli, kipimajoto, chupa tatu, saa, na chumba cha giza totoro kwa dakika tano. Chumba hicho ni chumba chochote usiku, madirisha yamezibwa, nawe umejifunika blanketi zito ukiuingiza mkanda kwenye spuli. Fanya mazoezi juani kwanza kwa mkanda ulioharibika, mpaka vidole vijue njia.

Tatizo letu ni joto la maji. Vitabu vinasema nyuzi 20, na maji ya bombani pwani yanaweza kufika 28. Usihangaike kuzitafuta 20. Lenga 24, na dawa zote pamoja na maji ya kusuuzia ziwe nyuzi hizohizo. Nunua barafu, itie kwenye mfuko uliofungwa vizuri, uizamishe kwenye beseni ambamo chupa zimesimama. Barafu isiguse dawa. Mimi niliwahi kuupoza vizuri mkanda kwenye divelopa kisha nikausuuza kwa maji ya moto ya bombani. Utando wa picha ulijikunja kama ngozi ya maziwa, na mkanda wote ukapotea.

1. Divelopa. HP5 Plus kwenye ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inachukua dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni kama dakika 9. Kama uliupiga kwa 200 kwenye jua kali, mwaga divelopa baada ya dakika 7 au 7 na nusu. Pindua tangi taratibu mara nne kila mwanzo wa dakika.
2. Maji safi, jaza na umwage mara mbili.
3. Fiksa. Kata kipande cha ncha ya mkanda, kitumbukize kwenye fiksa kwenye mwanga, hesabu muda mpaka kiwe angavu. Mkanda wako ukae mara mbili ya muda huo.
4. Kuosha bila kumaliza ndoo. Jaza maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, pindua mara 20, mwaga. Ni njia ya Ilford yenyewe, inafaa kwa fiksa ya haraka isiyoufanya utando kuwa mgumu, na inatosha.
5. Suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa, kwani maji ya kisima huacha madoa ya chokaa. Tundika bafuni, mlango umefungwa, hakuna feni.

Divelopa ikikosekana, jikoni kuna mbadala. Mwaka 1995 darasa la Scott Williams kwenye chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa ya papo hapo ikichanganywa na soda ya kufulia husafisha mkanda. Baadaye ikaongezwa vitamini C. Kipimo kinachotumiwa sana kwa lita moja ni gramu 54 za soda, 16 za vitamini C na 40 za kahawa, dakika 15 kwa nyuzi 20. Africafe ya Bukoba ni kahawa ya aina hiyo. Magadi ya dukani ni soda iliyochanganyika na bikaboneti, basi yakaange kwenye kikaango kikavu yaache maji yake, na ujaribu kwa kipande kifupi kabla ya kutia mkanda wenye picha za watu. Fiksa, hata hivyo, haina mbadala wa jikoni unaoaminika.

Fiksa iliyochoka ina madini ya fedha, sumu kwa viumbe wa majini. Isimwagwe baharini wala kwenye mtaro unaoelekea huko. Itie stilwaya kwenye dumu, iache siku kadhaa: chuma kitaingia majini na fedha itabaki chini kama tope jeusi. Kupiga picha ya matumbawe na kisha kuyamwagia sumu ni dhuluma.

Kurudisha

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na kamera, mashine ya sinema na mashine ya kurekodi sauti. Alipiga picha nyingi za Wamakonde, Wayao na Wamakua. Picha zikaenda Leipzig. Leo tunazishukuru kama kumbukumbu, lakini ni wajukuu wangapi wa waliopigwa walio na hata moja ukutani? Zanzibar mambo yalikuwa tofauti: katika Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mtu alivaa, alikaa, alilipa, na aliondoka na picha yake. Kwa sababu ya studio za namna hiyo nyumba nyingi za pwani zina sura za mababu kwenye fremu.

Huna haja ya mashine ya kukuzia picha kuanza. Weka negativu juu ya kioo cheupe cha tableti, uinyanyue kidogo kwa kipande cha kioo ili nukta zisionekane, uipige kwa simu, uigeuze ndani ya simu weusi uwe weupe, uipeleke studio ichapwe. Nyuma ya karatasi andika kwa penseli jina, mahali na tarehe. Negativu zenyewe zihifadhi kwenye bahasha za karatasi, kwenye sanduku kavu, mbali na ukuta unaovuja.

Kwenye daftari lako la mikanda, pamoja na f na kasi ya shata, ongeza safu moja: "Nimepeleka". Usipakie mkanda mpya wakati safu ya mkanda uliopita bado ina nafasi tupu. Yule bibi wa Mikindani alipokea yake baada ya wiki sita. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema khanga imetoka vizuri, akaipachika kwenye kioo cha kabati juu ya kitanda chake. Bado ipo hapo.